Kwa nini garimoshi lilihema

Aliyewahi kulisikia garimoshi la mvuke hausahau mlio wake. Watoto wanauigiza mpaka leo, wameshikana mashati nyuma kwa nyuma wakizunguka uwanja, chuku-chuku-chuku, ingawa treni wanazozijua ni za dizeli au za umeme na garimoshi lenyewe hawajawahi kuliona. Mlio ule haukuwa wa vyuma kugongana. Ilikuwa pumzi. Kila "chuku" moja ni mvuke uliokwisha kufanya kazi ndani ya silinda, unatupwa nje kwa nguvu kupitia dohani, na unapotoka unavuta hewa nyuma yake na kuupuliza moto. Garimoshi lilikuwa likijipulizia moto lenyewe, na kadiri lilivyotwishwa mzigo ndivyo lilivyoupuliza zaidi.

Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika historia ya reli ya karne ya 19, na ndilo linalosahauliwa upesi. Tunasimuliwa nani alikuwa wa kwanza na nani alikimbia kuliko mwenzake. Lakini swali lililowanyima mafundi usingizi kwa robo ya karne lilikuwa la jikoni kabisa: utachemshaje maji mengi, upesi, bila kukoma, katika chungu kidogo kinachotembea?

Injini za mvuke zilikuwapo zamani. Thomas Newcomen aliwasha ya kwake mwaka 1712 ili kutoa maji migodini, na James Watt akaiboresha kwa hataza yake, yaani haki ya mvumbuzi, ya 1769. Ila injini hizo hazikutegemea presha kubwa ya mvuke kusukuma. Mvuke uliingizwa ndani ya silinda kisha ukapozwa ghafla, humo humo kwa Newcomen na katika chombo cha pembeni kwa Watt, ukarudi kuwa maji. Pakabaki ombwe, yaani nafasi isiyo na hewa, na ombwe hilo ndilo lililoifanya pistoni isogee, kwa sababu upande wa pili kulikuwa na hewa inayotusukuma sote mchana na usiku bila sisi kuihisi, au kwa Watt mvuke wenye presha inayokaribiana na ya hewa hiyo. Hewa hiyo husukuma kwa nguvu ya takribani kilo moja kwa kila sentimita mraba. Haizidi hapo. Ukitaka nguvu zaidi, huna budi kuipanua pistoni. Ndiyo maana injini za wakati ule zilikuwa kubwa kama nyumba, na kila moja ilidai maji baridi yasiyokwisha ya kuupozea mvuke. Nani atavipandisha vyote hivyo juu ya magurudumu?

Jibu lilitoka kwa fundi wa migodi ya Cornwall, kusini magharibi mwa Uingereza, aliyeitwa Richard Trevithick. Alimuuliza rafiki yake msomi, Davies Giddy, swali rahisi: nikiutupa mvuke hewani baada ya kuutumia, nisihangaike kuupoza, nitapoteza nguvu kiasi gani? Giddy akamjibu kwamba atapoteza nguvu ya hewa moja tu, ile kilo moja. Trevithick akaelewa mara moja. Boila, yaani chungu cha kupikia mvuke, ikiwa na presha mara tatu au nne ya hewa, hasara hiyo inavumilika, na pamoja nayo unaachana na mzigo wote wa mitambo ya kupoza. Injini inakuwa ndogo. Injini ndogo inaweza kutembea.

Watt aliiogopa presha kubwa, na tusimcheke. Mwaka 1803 boila moja ya Trevithick ilipasuka Greenwich na kuua wafanyakazi. Trevithick hakurudi nyuma. Aliongeza vali ya pili ya usalama, akatoboa boila na kuziba tundu kwa madini ya risasi: maji yakipungua kupita kiasi, risasi inayeyuka na mvuke unatoka kabla mambo hayajaharibika. Kizibo hicho kilidumu kwenye magarimoshi mpaka mwisho wa enzi zao.

Tarehe 21 Februari 1804, huko Penydarren, Wales, injini yake ya reli ilivuta tani 10 za chuma, mabehewa 5 na watu wapatao 70 waliodandia, kwa karibu kilomita 16. Ilichukua saa 4 na dakika 5. Mtembea kwa miguu mkakamavu angefika kabla yake. Hata hivyo siku hiyo lilithibitika jambo ambalo wengi walilikana. Trevithick alikuwa ameuelekeza mvuke uliotumika kwenye dohani ili uondoke, akagundua kwamba kila ukitoka moto unawaka zaidi. Pumzi ilianzia hapo, ingawa ingepita miaka 25 kabla ya kupata mwili unaoifaa.

Injini ilishinda, reli zikashindwa. Zilikuwa za chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, na chuma hicho ni kigumu lakini kinavunjika kama kigae. Chini ya uzito wa injini zilikatika moja baada ya nyingine, na mwenye karakana akaurudia usafiri wa farasi. Trevithick alijaribu tena London mwaka 1808, reli zikavunjika tena, akaliacha jambo hilo. Baadaye alikwenda kutafuta bahati kwenye migodi ya Peru. Mwaka 1827, Cartagena, Colombia, alikutana na kijana Mwingereza aliyempa pauni 50 za nauli ya kurudi nyumbani. Kijana huyo ni Robert Stephenson. Miaka miwili baadaye ndiye aliyejenga garimoshi lililotimiza alichokianza yule mzee. Trevithick alifariki 1833 akiwa maskini. Kila nisomapo habari hizo naona kuna deni ambalo historia haijalilipa.

Kulikuwa na wasiwasi mwingine: je, gurudumu laini juu ya reli laini halitateleza? Mwaka 1812, Leeds, John Blenkinsop na Matthew Murray walitengeneza reli yenye meno pembeni na gurudumu lenye meno la kuyashika. Ilifanya kazi vizuri kwa miaka mingi. Mwingine, William Brunton, akatengeneza injini yenye miguu miwili ya chuma nyuma, inayosukuma ardhi kama mtu anayeukwamua mkokoteni. Boila yake ilipasuka 1815 na kuua watu zaidi ya kumi. William Hedley wa Wylam hakubishana na yeyote. Alichukua gari, akaweka wanaume wa kuzungusha magurudumu kwa mikono, akalipakia uzito kidogo kidogo huku akihesabu linaweza kuvuta mabehewa mangapi kabla ya kuteleza. Akakuta uzito wa injini wenyewe unatosha kuyashikisha magurudumu. Kumbe tatizo halikuwapo.

Kwa upande wa reli, John Birkinshaw alipata hataza mwaka 1820 ya kuzitengeneza kwa chuma cha kufua, kinachopinda bila kukatika. Kwa hiyo George Stephenson, babake Robert, alipofungua reli ya Stockton na Darlington tarehe 27 Septemba 1825, njia ilikuwa imara na magurudumu yanashika. Kilichobaki dhaifu kilikuwa chungu. Garimoshi lake lilichoka njiani. Likipanda mlima linatumia mvuke haraka kuliko linavyoupika, na dereva inambidi asimame asubiri presha irudi.

Ndipo wakurugenzi wa reli ya Liverpool na Manchester walipopata mashaka. Wahandisi wawili waliotumwa kuchunguza walipendekeza magarimoshi yaachwe kabisa. Zijengwe injini 21 zisizotembea kando ya njia, zivute mabehewa kwa kamba kutoka kituo hadi kituo. Pendekezo hilo lilikuwa na hesabu nzuri. Wakurugenzi wakaona kabla ya kuamua watangaze shindano, zawadi pauni 500, lifanyike Rainhill mwezi Oktoba 1829. Masharti: garimoshi livute mzigo mara tatu ya uzito wake, boila isizidi presha ya ratili 50 kwa inchi mraba, na liende na kurudi mara nyingi mpaka lifikishe urefu wa safari ya Liverpool hadi Manchester na kurudi.

Watu hukumbuka mshindi. Mimi napenda kuyatazama yote matatu makubwa, kwa sababu yalikuwa majibu matatu ya swali moja la kupuliza moto.

Novelty, la John Braithwaite na John Ericsson, lilikuwa jepesi na zuri, umati wa watu ukalipenda tangu mwanzo. Lenyewe lilitumia mivukuto, kama ya mhunzi, inayoendeshwa na injini. Lilikimbia vizuri sana siku ya kwanza, kisha mivukuto na mabomba yakaanza kuharibika, likatolewa. Sans Pareil, la Timothy Hackworth, lilitumia pumzi ya mvuke kwenye dohani, lakini kali mno: makaa yenyewe yaliruka nje kupitia dohani kabla ya kuungua, na mwishowe pampu yake ya maji ikakataa kazi. Pumzi lilikuwa nayo, ila mapafu hayakuwa ya kuihimili.

Rocket la Robert Stephenson lilikuwa na mapafu. Mpaka wakati huo boila ilikuwa pipa la maji ambamo moto hupita katika bomba moja nene, au bomba linalokwenda na kurudi. Henry Booth, katibu wa kampuni ya reli, mtu ambaye hakuwa mhandisi, alishauri bomba hilo livunjwe kuwa mirija mingi myembamba. Rocket likawekewa mirija 25 ya shaba nyekundu, kila mmoja kipenyo cha inchi 3.

Hebu tupige hesabu, maana uzuri wote umo humo. Chukua bomba moja lenye kipenyo cha inchi 15. Uwazi wake wa kupitisha moshi ni sawasawa kabisa na wa mirija 25 ya inchi 3, kwa sababu 15 mara 15 ni 225, na 25 mara 9 ni 225. Sasa pima ngozi, yaani chuma ambacho upande mmoja kinaguswa na moto na upande wa pili na maji. Mirija 25 ikiwekwa pamoja, mizunguko yake ni mara 5 ya mzunguko wa lile bomba moja. Moto ni ule ule, nafasi ni ile ile, lakini joto limepata milango mara tano ya kuingilia majini. Ni kama muhogo: ukiutumbukiza mzima unakaa nao jikoni mpaka jioni, ukiukata vipande unaiva upesi kwa kuni zile zile.

Lakini mirija myembamba ina ugumu wake. Moshi hautaki kupita humo kwa hiari. Njia ni nyembamba, unakwama. Mfaransa Marc Seguin, aliyebuni mirija hiyo kwa upande wake bila kushauriana na Booth, alilazimika kuweka mafeni yanayozungushwa na magurudumu. Stephenson aliuelekeza mvuke uliotumika kwenye dohani, na ule mvuto ukaukokota moshi kupitia mirija yote 25. Mirija bila pumzi ingezima moto. Pumzi bila mirija ilitupa makaa hewani, kama Hackworth alivyojionea. Vilipokutana, garimoshi likapata uhai wake.

Na sasa angalia kinachotokea mlimani. Mzigo unakuwa mzito, dereva anafungua mvuke zaidi, mvuke mwingi zaidi unatoka dohani, moto unapulizwa kwa nguvu zaidi, maji yanachemka kwa kasi zaidi, na mvuke unapatikana wakati ule ule unapohitajika. Hakuna anayegusa pepeo. Garimoshi likisimama, moto unatulia wenyewe. Rocket lilimaliza safari zake zote Rainhill bila kuharibika, na pale lilipoachiwa lilifikia karibu kilomita 48 kwa saa. Habari za kamba zikaisha. Reli ilifunguliwa 15 Septemba 1830, na siku hiyo hiyo mbunge William Huskisson aligongwa na Rocket akafa. Macho ya watu wa wakati ule hayakuwa yamezoea kupima kitu kinachokuja kwa kasi namna hiyo.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Mwaka 1830 huo huo Stephenson alitoa Planet, silinda zimelazwa mbele chini ya dohani, na umbo la garimoshi tunalolijua likawa limekamilika. Kazi iliyofuata ilikuwa kuacha kuutapanya mvuke.

Silinda ya garimoshi ina milango ya mvuke. Ukiuacha mlango wazi mpaka pistoni ifike mwisho, mvuke unatoka ukiwa bado na nguvu nyingi, unazipeleka hewani bure. Ukiufunga pistoni ikiwa robo ya safari, mvuke uliokwisha kuingia unaendelea kutanuka na kusukuma wenyewe. Unapata nguvu kidogo pungufu kwa mvuke mchache sana. Ila wakati wa kuondoka unataka mlango wazi, na ukishashika kasi unataka ufungwe mapema. Lazima dereva aweze kubadili akiwa safarini. Mwaka 1842 wafanyakazi wa karakana ya Stephenson, Newcastle, walipata mfumo wa vyuma uliowezesha hilo pamoja na kurudi nyuma. Mwaka 1844 Egide Walschaerts, msimamizi wa karakana ya reli nchini Ubelgiji, akabuni wa kwake, bora zaidi, ingawa hataza iliandikwa kwa jina la mkubwa wake wa kazi.

Mfumo wa Walschaerts unaweza kuutazama Nairobi, katika Makumbusho ya Reli, pale liliposimama garimoshi la daraja la 59 liitwalo Mount Gelai, jina la mlima ulio karibu na Ziwa Natron, Tanzania. Lilijengwa Manchester miaka ya 1950, lina uzito wa tani 252, na lilivuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi kwenye reli ya upana wa mita moja. Ukisimama kando ya magurudumu utaona mikono ya chuma iliyoshikana kama viwiko vya mtu anayepiga makasia. Ndiyo kazi ya yule msimamizi wa Ubelgiji, miaka mia na zaidi baada ya kuichora.

Kulikuwa na shida ya maji pia. Boila ina presha. Utayaingizaje maji ndani yake bila yaliyomo kukurukia? Zamani ilitumika pampu iliyofungwa kwenye ekseli, ambayo ilifanya kazi garimoshi likitembea tu. Dereva aliyecheleweshwa kituoni na maji yakipungua ilimbidi afungue mabehewa, alitembeze garimoshi mbele na nyuma, ili tu lipate kunywa. Mfaransa Henri Giffard alipata hataza mwaka 1858 ya kifaa kisicho na kitu kinachozunguka. Mvuke wa boila unapitishwa tundu jembamba, unashika kasi kubwa mno, unakutana na maji baridi, unageuka maji na kuyarithisha kasi yake. Maji hayo yanaingia kwenye mrija unaopanuka, yanapunguza mwendo, na mwendo uliopungua unageuka presha iliyo kubwa kuliko ya boila. Mlango unafunguka, yanaingia. Wengi walipoelezwa walikataa kuamini kwamba mvuke wa boila unaweza kuishinda boila ile ile, na nakiri kwamba hata ukishaelewa bado linashangaza.

Marekani walikuwa na tabu za kwao. Nchi pana, fedha chache, reli zikalazwa upesi juu ya ardhi isiyosawazishwa, zenye kona kali. Magarimoshi ya Uingereza yaliruka nje ya njia. Mwaka 1832 John Jervis aliweka mbele kigari kidogo cha magurudumu manne kinachogeuka chenyewe na kuiongoza injini kwenye kona. Kisha 1838 Joseph Harrison akaunganisha magurudumu makubwa kwa mtambaapanya wa chuma, gurudumu moja likizama kwenye bonde mwenzake anapokea uzito. Kwa hiyo mwili wote ukakaa juu ya sehemu tatu: kigari cha mbele, upande wa kushoto na upande wa kulia. Anayepika kwa kuni anajua sababu. Chungu juu ya mafiga matatu hakitikisiki hata kama sakafu ni mbovu. Ni aina hiyo ya magarimoshi iliyokutana Promontory, Utah, tarehe 10 Mei 1869, reli ya mashariki ilipounganishwa na ya magharibi.

Uzito uliendelea kuongezeka, na reli za chuma cha kufua nazo zikawa zinachakaa. Kituoni Derby, mahali penye msongamano, zilibadilishwa wakati mwingine kila baada ya miezi mitatu. Mwaka 1857 ililazwa hapo reli ya pua, yaani feleji, na ikakaa miaka 16. Breki zilichelewa kuliko vyote. Ilibidi watu 80 wafe karibu na Armagh, Ireland, mwezi Juni 1889, mabehewa yaliyokatwa yaliporudi nyuma mlimani, ndipo sheria ya Uingereza ikalazimisha breki zinazojifunga zenyewe treni ikikatika.

Teknolojia hiyo iliyokwisha kukomaa ndiyo iliyoshuka pwani yetu: Tanga kuanzia 1893, Mombasa kuanzia 1896. Ilikuja na kiu yake. Mvuke unaotupwa dohani ni maji ambayo hayarudi, na katika Nyika ya Taru hapakuwa na maji ya kuyafidia, hata ikabidi treni zibebe maji ya watu na ya injini pamoja na mataruma na reli. Kabla reli haijafika Kisumu mwaka 1901, kila kituo kilipangwa kwa kuuliza kwanza maji yako wapi. Nairobi yenyewe ilikuwa mahali pa tambarare penye mto, na jina lake la Kimaasai linataja maji baridi.

Mwaka 1898, huko Prussia, Wilhelm Schmidt alilijaribu wazo lake kwenye garimoshi kwa mara ya kwanza. Mvuke wa boila una unyevu. Ukigusa chuma cha silinda chenye ubaridi kidogo, sehemu yake inageuka maji na nguvu yake inapotea. Schmidt aliupitisha tena motoni baada ya kutoka kwenye maji, ukakauka, ukapata joto la zaidi ya nyuzi 300. Katika miaka iliyofuata ilipatikana namna nzuri ya kuupitisha: kuipanua baadhi ya mirija ya boila, ile ile aliyoishauri Booth, na kuingiza ndani yake mirija mingine myembamba zaidi ya kubebea mvuke huo. Makaa ya mawe na maji vikapungua matumizi kwa kiasi kikubwa. Mlio nao ukabadilika. Mvuke mkavu hutoka dohani kwa sauti kali na fupi, na madereva wazee waliweza kukuambia garimoshi ni la aina gani likiwa bado nyuma ya kilima.